Kuwapa Wanafunzi Intaneti Katika Maktaba ya Shule

Kabla ya kulipia kifurushi, mkutubi aandae daftari la zamu lenye jina la mwanafunzi, saa ya kuingia na somo analolitafutia habari, kwa kuwa kompyuta 4 zisizo na zamu huishia mikononi mwa wanafunzi wale wale wa kidato cha nne, na wadogo wakabaki wamesimama mlangoni. Dakika 30 kwa kila mmoja zinatosha. Waelekezwe kwanza kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, yenye vitabu vya kiada. Wikipedia nayo ipakuliwe kwa programu ya Kiwix, ili isomeke hata mtandao ukikatika. Kichujio cha kuzuia tovuti zisizofaa kiwekwe kwenye ruta, yaani kifaa kinachosambaza mtandao kwa kompyuta, lakini skrini zote zielekee meza ya mkutubi, jambo ambalo mimi nalithamini zaidi.