Ukienda kuishi Hispania, anza na padrón

Wanaonipigia simu kutoka Mombasa wakijiandaa kuja huku huniuliza habari za kazi na mshahara. Mimi huwarudishia swali: utaandikishwa wapi? Nakaa Valencia, na nimeona mwenye viza safi akihangaika kuliko asiye na karatasi hata moja, kisa chumba alichopanga hakikumpa anwani.

Hispania kila mkazi, awe na kibali au asiwe nacho, anatakiwa kuandikishwa kwenye daftari la wakazi wa mji wake, yaani padrón. Wanaoandikisha ni halmashauri, ayuntamiento, si polisi, kwa hiyo usiogope kwenda. Bila padrón utakwama kwenye kadi ya matibabu na kwenye nafasi ya mtoto shuleni. Asiye na kibali ndiye anayeihitaji zaidi. Siku akiomba arraigo, yaani kibali cha ukaaji kwa aliyekwisha kuishi nchini bila kibali, atatakiwa kuthibitisha kwamba ameishi nchini miaka 2 mfululizo (ilikuwa 3 kabla ya kanuni mpya kuanza Mei 2025), na shahidi wake mkubwa ni padrón.

Basi kabla hujatoa hata senti, muulize mwenye nyumba: “¿Me puedo empadronar aquí?”, yaani naweza kuandikishwa hapa? Akianza kuzungukazunguka, tafuta kwingine. Mkataba wa upangaji ukiwa kwa jina lako, wenyewe unatosha. Ukipangishwa chumba na mpangaji mwenzako, atakutilia sahihi fomu ya idhini, kwa hiyo kubalianeni mapema. Amana ya kisheria ni kodi ya mwezi 1. Mwenye nyumba anaweza kudai dhamana ya ziada, lakini isizidi miezi 2. Ada ya dalali, kwa nyumba ya kuishi, ni juu ya mwenye nyumba tangu sheria ya 2023. Wapo wanaojaribu kukubambikia hata sasa. Na hela ya nyumba ambayo hujaiona kwa macho, usitume.

Wenye viza ya zaidi ya miezi 6 wana mwezi 1 tangu kuingia kuomba TIE, kadi ya ukaaji. Jaza fomu EX-17, lipia ada benki kwa fomu 790-012, beba pasipoti, picha na padrón, uende kwa Policía Nacional kuchukuliwa alama za vidole. Hayo ni mepesi. Kinachotesa ni miadi, cita previa, maana mtandaoni nafasi huisha ukiwa bado unaandika jina. Jaribu tena na tena, saa tofauti tofauti. Ukikutana na mtu anauza miadi, achana naye. Serikali inaitoa bure.

Halafu jina. Mhispania ana majina mawili ya ukoo. Sisi tuna letu, la baba na la babu, na karani hajui lipi aliweke wapi. Kabla hujatia sahihi, mwombe akugeuzie skrini usome herufi kwa herufi, lifanane na pasipoti. Nimemsindikiza dada mmoja ambaye jina la babake lilikuwa apellido, jina la ukoo, kwenye karatasi moja na nombre, jina la kwanza, kwenye nyingine. Benki iligoma kumfungulia akaunti mpaka halmashauri ilipomrekebishia.

Kama si raia wa Umoja wa Ulaya na huna ukaaji wa kudumu, padrón huhuishwa kila miaka 2. Usipokwenda, wanakufuta. Weka kengele kwenye simu siku ileile unayoandikishwa, na ukihama nyumba, hamisha anwani pia.