Defender 300Tdi inayomwaga oili: anza juu kabla ya kushusha giaboksi

Ukikuta oili imelowesha pale injini ya Land Rover Defender inapokutana na giaboksi, fundi wa kwanza utakayemuuliza atakwambia sili ya nyuma (mpira unaozuia oili nyuma ya injini) imekufa, tushushe giaboksi. Huenda ni kweli. Lakini kwa injini ya 300Tdi, mara nyingi oili hiyo imetoka juu kabisa, kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), ikateremka nyuma ya bloku na kudondokea hapohapo. Kazi ya juu ni ya asubuhi moja na gasketi ya bei nafuu. Ya chini ni ya siku mbili na migongo ya watu wawili. Kwangu hainunuliwi sili yoyote kabla chanzo hakijaonekana kwa macho.

Injini hii ya dizeli, lita 2.5 na silinda nne, iliingia kwenye Defender mwaka 1994. Zilizo nyingi barabarani sasa zimevuka miaka ishirini, na mpira wa umri huo hukauka hata kama gari limetunzwa.

Hatua ya 1: Osha, kausha, tazama

Injini ikiwa baridi, funika altaneta kwa mfuko wa plastiki. Sugua tope na grisi kwa brashi na mafuta ya taa, kisha sabuni na maji ya kawaida. Ikikauka, nyunyiza poda ya mtoto nyuma ya silinda hedi, kuzunguka pampu ya vakyumu (inayosaidia breki) na kwenye kingo za sampu, bakuli la oili chini ya injini. Endesha kilomita kumi hivi, upate na kilima kimoja cha kuipa injini kazi, urudi na tochi.

Poda iliyolowa hugeuka rangi ya tope. Usihangaike na pale panapodondoka. Fuata mchirizi kwenda juu na mbele, kwa sababu oili huteremka na upepo wa feni huisukuma nyuma. Sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndiyo mshtakiwa wako.

Hatua ya 2: Soma yale matundu mawili ya chini

Chini ya kava ya taiming belti kuna tundu dogo, na lingine liko chini ya nyumba ya flaiwili, lile gurudumu zito kati ya injini na klachi. Yamewekwa ili yafungwe kwa bolti gari linapovuka mto, kisha bolti zitolewe. Wengi huziacha humo miaka, oili ikajikusanya ndani hadi klachi inaanza kuteleza. Weka karai, uzitoe.

Oili ikitoka tundu la mbele, ni sili ya mbele ya krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) au ya kamshafti (inayofungua valvu). Hapo usisubiri mwisho wa mwezi: belti iliyolowa oili huoza, ikikatika pistoni hupiga valvu. Ukibadilisha sili, badilisha na belti.

Ikitoka tundu la nyuma, ipokee kwenye karatasi nyeupe. Nyeusi yenye harufu ya moshi ni ya injini. Nyepesi yenye wekundu ni ATF, oili nyepesi ya giaboksi ya gari hili iitwayo R380, inayopita kwenye sili ya shafti inayoingia klachi. Ila gereji nyingi hujaza giaboksi hiyo oili nzito ya gia, hivyo rangi isikudanganye. Oili ya gia inanuka salfa.

Hatua ya 3: Safisha briza

Hatua hii huwa inarukwa, nami naiona ndiyo kiini cha kazi. Injini ikifanya kazi, gesi kidogo hupenya pembeni ya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu. Zinapaswa kutoka kupitia briza, pumulio la injini, iliyofungwa kwenye tapeti kava na kurudi kwenye mpira wa hewa unaoelekea turbo. Briza ikiziba kwa masizi, presha hutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni sili yoyote iliyochoka. Unaweka sili mpya, baada ya wiki inavuja tena, lawama anabebeshwa muuza spea.

Itoe, iloweke kwenye petroli, ipulize ikauke. Kagua na mipira yake kama haijabonyea ndani.

Kisha jaribu hivi: injini ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyagiwa mafuta), fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze ukilaze juu ya tundu lake. Kikitikisika kidogo ni kawaida. Kikirushwa pembeni na moshi ukatoka kwa pumzi pumzi ilhali briza ni safi, ringi zimechoka. Kubadilisha sili kwenye injini hiyo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Hatua ya 4: Gasketi ya tapeti kava

Kava imeshikwa na bolti tatu tu za juu. Zifungue, uinue kava taratibu. Ikigoma, igonge ubavuni kwa nyundo ya mpira. Usiichokonoe kwa bisibisi, ni aluminiamu na mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha.

Safisha sehemu zote mbili za kukutania hadi ziwe kavu kabisa. Weka gasketi mpya ya mpira na washa mpya za zile bolti, bila silikoni. Kaza kidogokidogo kwa zamu hadi Nm 10, uache. Nguvu ya ziada huipinda gasketi, na kona ya nyuma, ambayo huioni, ndiyo hufunguka kwanza.

Hatua ya 5: Pampu ya vakyumu na sampu

Pampu iko ubavuni mwa bloku na inasukumwa na kamshafti. Kabla ya kufungua bolti zake, zungusha injini kwa mkono hadi pampu isiwe inasukumwa na kamu. Vinginevyo springi itaisukuma nje na kurudisha itakuwa mieleka. Ukimaliza, kanyaga breki mara kadhaa injini ikiwaka kabla gari halijasogea, maana busta, kile kinachorahisisha breki, inategemea pampu hii.

Sampu hufungwa kwa silikoni ya injini. Paka mstari mwembamba. Inayozidi hukatikia ndani na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili.

Hatua ya 6: Sili ya nyuma, kama kweli ndiyo

Giaboksi ikishuka, sili mpya huja na bushi ya plastiki ya kuiongoza kwenye krankshafti. Usiitoe mapema, usiguse mdomo wa sili kwa kidole, na usiipake oili: inaingia kavu. Ukiwa hapo, tazama uma wa klachi, mkono unaoisukuma klachi. Ile fimbo ya silinda ya chini ya klachi hutoboa chuma cha uma huo taratibu, na kuurudia baadaye ni kushusha giaboksi upya.

Jaza oili, lita 6.65 pamoja na filta mpya. Rudisha karatasi nyeupe chini ya tundu la nyuma. Siku za kwanza matone machache yataendelea, kwani oili ya zamani imejishikiza ndani ya nyumba ya flaiwili. Yakipungua kila asubuhi, liache gari lifanye kazi.