Pikipiki ya kwanza Uingereza kwa aliyevuka arobaini: anza na bima

Mtu wa Unguja au Pemba aliyehamia Uingereza ukubwani, akishachoka na basi lisilofika na nauli ya treni, huanza kufikiria pikipiki. Fikra yenyewe haina ubaya. Kinachomponza ni mpangilio: anaipenda pikipiki mtandaoni, anailipia, halafu ndiyo anaulizia leseni, na bima anaikumbuka usiku wa kuamkia safari. Pindua mpangilio huo. Bima kwanza, leseni ya pili, mwili wako wa tatu, pikipiki mwisho.

Nyumbani bima imekaa kwenye chombo. Stika ikiwa hai, aendeshe mwenyewe, shemeji au fundi anayejaribu breki, mradi ana leseni, trafiki hana neno. Uingereza bima imekaa kwa mtu. Inamjua aliyeandikwa jina, kwa matumizi yaliyoandikwa, na pikipiki ilale pale palipoandikwa. Binamu akija wikiendi akasema "hebu nizungushe mara moja mpaka dukani", jibu ni hapana, hata kama leseni yake ni kongwe kuliko yako. Jina lake halimo, kwa hiyo hana bima, na wewe uliyempa funguo una kosa lako mwenyewe la kumruhusu.

Kuendesha bila bima ni pauni 300 na pointi 6, na hiyo ndiyo adhabu ya upole. Ikifika mahakamani faini haina kikomo na leseni inaweza kwenda. Polisi wana haki ya kuichukua pikipiki, na kila siku inayolala kwenye yadi yao deni linapanda. Aliyepata leseni yake ya kwanza kamili ya Uingereza ndani ya miaka 2 iliyopita, akifikisha pointi 6 leseni inafutwa, ya gari na ya pikipiki kwa pamoja, anarudi kuwa mwanafunzi. Kosa hilo linakaa kwenye leseni miaka 4. Kwa anayehudumia wazee majumbani na anahitaji gari kufika kwao, hapo riziki imeguswa.

Sasa sikiliza mtego wenyewe, maana ndio unaowanasa watu wetu.

Bei ya bima kwa mwanafunzi wa pikipiki inatisha, hata uwe na miaka 45 na nywele nyeupe. Miaka yako yote ya kuendesha gari bila ajali kwa kawaida haihesabiki upande wa pikipiki, unaanza sifuri. Ukiona bei, unashtuka, unauliza kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya, na hapo lazima atokee mtu aseme: "Kuna ndugu yetu anakata bima nusu bei, mtumie meseji." Ndugu huyo hana kampuni wala ofisi. Ana simu.

Njia zake ni tatu. Ya kwanza, anakutengenezea hati ya uongo mtupu, nembo ya kampuni na kila kitu. Ya pili, anakata bima ya kweli lakini kwa maelezo ya uongo: anwani ya kijijini wakati wewe unakaa London, kazi nyingine, miaka ya leseni iliyoongezwa. Ukipata ajali kampuni inagundua, inaweza kuifuta bima yote na pesa isirudishe. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inapita ukaguzi wa mwanzo: anakata bima ya kweli, unaiona iko hai, kisha baada ya siku chache anaifuta na kurudishiwa pesa mfukoni mwake. Wewe unaendelea kuendesha na hati imekunjwa vizuri kwenye koti.

Dalili zake zinafanana. Anataka pesa mkononi au kwenye akaunti ya mtu binafsi. Hati inakuja kama picha ya simu. Barua pepe iliyosajiliwa kwenye bima ni yake, si yako, kwa hiyo barua ya kufutwa huioni kamwe. Ukimwambia unataka kuzungumza na kampuni moja kwa moja, anakasirika: "Kwani huniamini?"

Usimwamini. Anayeuza bima lazima awe kwenye daftari la FCA, mamlaka inayosimamia biashara za fedha na bima Uingereza, nalo liko wazi mtandaoni kwa kila mtu. Ipigie kampuni ya bima kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si aliyokupa yeye, na usome namba ya bima yako wasikie. Kisha ingiza plate ya pikipiki yako kwenye kanzidata ya bima za magari, ile wanayoitumia polisi. Kuangalia chombo chako mwenyewe ni bure. Angalia tena baada ya wiki mbili. Narudia: angalia tena baada ya wiki mbili, kwa ajili ya yule wa njia ya tatu.

Wazee wetu wamelelewa kuaminiana, na si aibu. "Huyo mtoto wa fulani wa Wete, babu yake namjua." Kumjua babu yake hakumwandiki kwenye daftari la FCA. Na wale wanaosambaza namba ya huyo ndugu kwa nia njema, jamani, kabla ya kumpendekeza mtu kwa watu mia mbili wa grupu, ulizeni kwanza nani amewahi kulipwa fidia kupitia kwake. Kukatiwa bima si ushahidi. Kila mtu amekatiwa.

Mtego wa pili ni mdogo wa huu. Bima ya kawaida inafunika matembezi, na ukilipia, safari ya kwenda na kurudi kazini. Kubeba chakula cha watu kwa malipo si matembezi. Ukitundika lile sanduku nyuma na kupokea oda hata moja, unahitaji bima ya kazi ya kubeba kwa malipo, na ni ghali zaidi. Bila hiyo uko katika kundi lile lile la pauni 300 na pointi 6.

Basi fanya hivi. Kabla hujamtumia muuzaji hata pauni moja, chukua plate ya pikipiki unayoitamani na uombe bei kwa kampuni kadhaa, ukisema kweli tupu: miaka sifuri ya pikipiki, inalala barabarani au ndani ya geti, ekzozi imebadilishwa au ya kiwandani. Ekzozi ya kelele aliyoifunga mwenye nayo wa kwanza ni mabadiliko na lazima itajwe. Kisha tazama kiasi utakachokatwa mwenyewe kabla kampuni haijalipa. Pikipiki ya pauni 1,200 yenye makato ya pauni 700 ikiibiwa, utapewa 500, na mwakani bima imepanda. Kwa chombo cha bei hiyo pengine bima ndogo inatosha na pesa iliyobaki ikanunue mnyororo mzito wa kuifunga kwenye chuma cha ardhini. Wezi wa pikipiki wa miji ya Uingereza mara nyingi hawaiwashi. Wawili wanainyanyua tu na kuitia kwenye gari.

Leseni haina maneno mengi. Leseni ya Tanzania inakupa miezi 12 tangu uanze kuishi huko, na kwa daraja lililoandikwa humo tu. Kubadilishwa haibadilishwi, baada ya hapo unaanza kama wote. Unaomba leseni ya mwanafunzi DVLA, idara ya leseni na usajili wa vyombo. Unafanya CBT, yaani mafunzo ya msingi ya lazima, kwa kawaida siku moja, na cheti chake kinadumu miaka 2: pikipiki isiyozidi cc 125 na kilowati 11, plate ya L nyekundu, bila abiria, bila barabara kuu za motawei. Ukiwa na miaka 24 au zaidi unaweza kwenda moja kwa moja kwenye leseni kamili: mtihani wa maswali 50 unaotaka 43, video za kutambua hatari, alama 44 kati ya 75, halafu mitihani miwili ya vitendo. Wa kwanza uko uwanjani, na kwenye breki ya dharura lazima ufike kilomita 50 kwa saa. Wa pili uko barabarani. Usiufanye kwa vespa isiyo na gia ila kama umekusudia kupanda vespa maisha yako yote, maana leseni itabaki ya otomatiki.

Anayetumia insulini lazima aitaarifu DVLA. Lisemwe tu, kwa sababu sukari iko kwenye nyumba zetu nyingi na watu hukaa kimya wakidhani ni siri yao.

Tuje kwenye kuchagua. Hapa yule aliyekuwa akipanda Vespa kutoka Darajani mpaka Mwanakwerekwe miaka ya tisini ndiye aliye hatarini, kwa sababu anadhani anajua. Anachokijua ni mwendo mdogo, jua, na chombo cha kilo mia hivi ambacho mguu mmoja unakizuia kikiinama. Leseni kamili inakuruhusu kupanda BMW kubwa ya safari yenye kilo 250 na kiti cha sentimita 85 kutoka ardhini. Kuruhusiwa ni kitu kimoja. Goti la miaka 48 ni kitu kingine.

Pikipiki nyingi za wanaoanza haziangukii kwenye kasi. Zinaanguka zikiwa zimesimama au zinageuzwa polepole: kituo cha petroli, maegesho ya duka, taa nyekundu kwenye mteremko, mguu ukatafuta ardhi usiipate. Kwa hiyo jipime dukani ukiwa umevaa viatu utakavyopandia. Kaa, nyayo zote mbili zilale chini, si vidole. Iinue kutoka kwenye stendi. Isukume kinyumenyume ukiwa umekaa, hatua tano, usukani umeukata. Shuka, iongoze kwa mkono ukiizunguka duara moja. Ukihema, si yako. Kaa juu yake robo saa bila kufanya kitu, usikilize kiuno na vifundo vya mikono. Pikipiki za kuinamia mbele za vijana zitakwambia ukweli kabla ya dakika kumi.

Kwa safari za mjini tu, Honda CB125F au vespa ya cc 125 kama Honda PCX inatosha na bima yake inavumilika. Mwenye leseni kamili anayetaka kutoka mji mmoja kwenda mwingine atafute cc 350 hadi 500. Royal Enfield Meteor 350 ina kilo 190 hivi na kiti cha sentimita 76.5, uzito wenyewe uko chini, lakini motawei itakuwa inakohoa. Honda Rebel 500 ina kiti cha sentimita 69, kwa mtu mfupi hakuna mjadala. Honda CB500F ndiyo ya kati na kati. Breki za ABS, zinazozuia tairi kujifunga, usizijadili. Kwenye lami iliyolowa ndizo mwalimu wako.

Ukinunua iliyotumika, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha uguse injini: ikiwa ya moto, kuna kitu anakificha kwenye kuwaka kwake. Tazama ncha za usukani na za mikono ya breki na klachi, mikwaruzo hapo ina maana ililala chini. Meno ya sproketi yaliyopinda kama ndoana yanadai cheni na sproketi zote mbili mpya. Pitisha kidole kwenye bomba za shokapu za mbele. Mafuta yakitoka, sili zimekwisha. Tairi ina tarakimu nne, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Historia ya MOT, ukaguzi wa usalama wa kila mwaka, inasomeka bure mtandaoni kwa plate tu, na maili za kila mwaka ziko humo. Namba ya fremu ilingane na kitabu cha usajili, V5C, na uinunue kwenye anwani ya kitabuni, si kwenye maegesho ya supamaketi.

Na kitabu hicho si kadi ya nyumbani. V5C inasema nani anawajibika kwa chombo, haisemi nani mwenye mali. Lipia ukaguzi wa wizi, mkopo na ajali kubwa kabla ya kutoa pesa, na chukua risiti iliyosainiwa. Kodi ya barabara ya muuzaji haikufuati. Unailipa mwenyewe kwa namba ya tarakimu 12 iliyo kwenye kipande cha kijani. Bima iwe hai kabla hujageuza funguo, hata kama kwako ni mtaa wa pili.

Theluthi ya bajeti iwe ya mavazi. Kofia yenye alama ya usalama ya ECE 22.06, ikubane mashavu, na dada anayevaa hijabu aijaribu akiwa na kitambaa chembamba atakachopandia, bila pini hata moja. Kanzu na buibui viko hatarini mbele ya cheni. Vibebe kwenye begi, ubadilishe msikitini.

Waingereza wenyewe ni watu wa ajabu katika jambo hili. Kwetu pikipiki ni kazi, kwao kwa wengi ni starehe ya Jumapili ya mzee aliyestaafu na mavazi meusi ya ngozi mwili mzima. Mnapopishana wapanda pikipiki watakuinamishia kichwa kana kwamba mmesoma chuo kimoja. Mwenye gari akikuingilia kwenye kipilefti atashuka na kukuomba radhi mara nane, "sikukuona kabisa", na ni kweli hakukuona, ndiyo maana unavaa rangi kali na kukaa pale kioo chake kinapokuonyesha. Adabu hiyo isikudanganye kuhusu mfumo. Nyuma ya tabasamu kuna kamera zinazosoma plate, na kamera haina mjomba Malindi wa kuipigia simu.

Jamaa wa nyumbani wakianza "ukiichoka tutumie", waulizeni kwanza ni fundi gani wa Amani au Chake Chake atakayepata pedi, kebo na sensa za ABS za chombo hicho. Kodi za bandarini mnazijua. Upande wa Uingereza, jaza sehemu ya V5C ya kusafirisha chombo nje ya nchi kwa kudumu na uipeleke DVLA, la sivyo itaendelea kukudai bima ya pikipiki iliyokwishapanda meli.