Kidonda cha paka: mambo ya kuzingatia kabla ya kupaka dawa yoyote

Paka akionekana na kidonda, wengi wetu huku Uganda hukimbilia kilichopo nyumbani: Dettol, oili chafu ya pikipiki, unga wa dawa uliobaki baada ya kutibu mbuzi, au dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nakuomba usimame kwanza. Kidonda kilichokwisha kupakwa oili hakisomeki tena, hata mbele ya daktari mzuri. Tena paka hujilamba mchana na usiku, kwa hiyo chochote unachompaka mgongoni kitaishia tumboni. Ini la paka haliwezi kuvunja kemikali nyingi ambazo mbwa au mtu huzimudu. Dettol humdhuru. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini humtetemesha na inaweza kumuua. Kidonge kimoja cha Panadol cha mtu mzima kinatosha kumwangamiza. Ukitaka kusafisha, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Hayo yanatosha mpaka ujue unatibu nini.

Mchunguze mchana, karibu na dirisha au uani, si usiku kwa tochi. Mtafute mtu wa kumshika huku amefungwa taulo, miguu ikiwa ndani. Lowesha vidole na utenganishe manyoya taratibu. Usikate kwa mkasi, maana ngozi ya paka ni nyembamba na huvutika pamoja na manyoya. Weka sarafu ya shilingi 500 kando ya kidonda, upige picha. Kesho asubuhi piga nyingine kwa namna ileile. Picha hizo zitamwambia daktari kama kidonda kinakua au kinapungua, jambo ambalo macho yetu hayalikumbuki vizuri.

Swali la kwanza ni kidonda kiko wapi, kwa sababu mahali peke yake hujibu nusu ya fumbo.

Kikiwa kiunoni, karibu na shina la mkia, au kuna vipele vidogo vyenye vigaga mgongoni na shingoni, anza na viroboto. Najua utasema hujaona hata mmoja. Paka ni hodari wa kuwalamba na kuwameza, na yule mwenye mzio wa mate ya kiroboto huumwa mara chache tu akajikuna mpaka damu. Msimamishe juu ya karatasi nyeupe, umchane kwa kitana chenye meno yaliyobanana, kisha nyunyiza maji kwenye chembe nyeusi zilizoanguka. Zikitoa rangi ya kutu, hiyo ni damu iliyopita tumboni mwa kiroboto. Zikibaki nyeusi, ni vumbi. Ukithibitisha, jua kwamba mayai na viluwiluwi vya viroboto viko vingi zaidi kwenye mikeka, magunia na nyufa za sakafu kuliko vilivyo mwilini mwa paka. Kumtibu yeye na kumwacha mbwa wa nyumba, au kuacha kufua alipolalia, ni kupoteza pesa.

Kikiwa kichwani, chungulia masikio kabla ya kitu kingine. Uchafu mweusi mkavu unaofanana na kahawa ya kusaga ni dalili ya utitiri wa masikio, na vile vidonda vya nyuma ya sikio ni kucha zake mwenyewe. Vigaga vinene vya kijivu vinavyoanzia ukingoni mwa sikio na kushuka usoni ni upele wa aina nyingine ya utitiri, unaowasha sana na kuambukiza paka wengine haraka. Kidonda bapa kwenye mdomo wa juu, kisichouma, mara nyingi hutokana na mzio.

Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, yenye magamba na pengine bila kuwasha, yakufanye uwatazame watoto. Choa cha paka hupita kwa binadamu, na mara nyingi mtoto anayelala na paka huwa na duara mkononi au kichwani kabla mama hajaona lolote kwa paka. Hapo kuna mtego: zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa kila duka la dawa huwa na steroidi, zinazotuliza wekundu huku kuvu inayoleta choa ikiendelea kuenea.

Uvimbe ni habari nyingine. Dume asiyehasiwa anayezurura usiku akirudi kimya, ana joto, na baada ya siku 2 hadi 5 akavimba shavuni, mguuni au kwenye shina la mkia, karibu kila mara ni jipu la kuumwa na paka mwenzake. Jino la paka hutoboa tundu jembamba ambalo ngozi hulifunga upesi, bakteria wakabaki ndani. Hilo linahitaji kutobolewa na daktari na dawa ya kuua bakteria. Kama hukuona nani alimuuma, taja pia kichaa cha mbwa na uende na kadi yake ya chanjo. Vaa glovu unapomshika, na mate yake yakikuingia kwenye mkwaruzo, osha kwa sabuni na maji kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya.

Uvimbe wenye tundu dogo katikati, ambalo ukilitazama kwa utulivu unaona kitu kikisogea, ni funza wa nzi wa maembe. Usilikamue, kwa maana funza akipasukia ndani huleta uvimbe mbaya zaidi. Ziba tundu kwa mafuta mazito ya kujipaka. Akikosa hewa atajisogeza juu, umtoe kwa kibano. Wakiwa wengi, au paka ni mchanga, mwachie daktari. Kati ya vidole tafuta tekenya, hasa kama ua wenu ni wa vumbi.

Sasa jambo ambalo sisi wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hatuna ruhusa ya kulipuuza. Wilaya za Arua na Zombo zina historia ndefu ya tauni, na paka huipata kwa kula panya mgonjwa. Tezi za chini ya taya huvimba, wakati mwingine zikapasuka na kutoa usaha, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na jipu la kupigana. Paka mwenye uvimbe huo pamoja na homa, huku panya wakionekana kufa ovyo nyumbani au kwa jirani, asikumbatiwe na mtoto wala asipasuliwe na mtu yeyote nyumbani. Mtenge na umpigie simu afisa mifugo wa wilaya. Mtu wa nyumba hiyo akipata homa, aende hospitali siku hiyohiyo na aseme habari za paka na panya bila kuulizwa.

Kabla ya safari andika karatasi moja: kidonda kilianza lini, je, alianza kujikuna au kilitangulia kidonda, chakula kimebadilika, kuna paka mgeni, nani mwingine anawashwa, na dawa gani amekwisha kupewa. Usifiche ile ya mbuzi. Uzito nao ni muhimu kwa sababu dozi hutegemea kilo: panda mizani ukiwa umembeba, kisha peke yako, utoe. Msafirishe kwenye kapu lenye mfuniko, si mfuko wa plastiki (kaveera), na kwenye boda boda kapu likae kati yako na dereva.

Madaktari wengi wa mikoani kazi yao ni ng'ombe na mbuzi. Si kosa lao, ila piga simu kwanza uulize kama wana hadubini. Kukwangua ngozi na kutazama kwa hadubini hutambua utitiri siku hiyohiyo. Omba kipimo hicho kifanyike kabla ya sindano ya steroidi, maana sindano hiyo hutuliza kila kitu kwa wiki kadhaa na kuficha chanzo. Pakihitajika kukata kipande kidogo cha kidonda kichunguzwe maabara, Chuo Kikuu cha Makerere kina chuo cha udaktari wa mifugo jijini Kampala. Mwombe daktari wako akuelekeze.

Asipokula siku nzima, akihema kwa shida, au kidonda kikiwa na mabuu, usisubiri picha ya kesho.

Na kama paka wako ni mweupe, akiwa na kigaga kwenye ncha ya sikio au puani kinachopona na kurudi, usikubali kuambiwa ni mkwaruzo. Jua la ikweta huwaletea paka weupe saratani ya ngozi, na ikikamatwa ingali kwenye ncha, daktari hukata sehemu hiyo ya sikio na mara nyingi paka huendelea kuishi vizuri kwa miaka.