Kufuga na kuzalisha multi, samaki wa makombe wa Ziwa Tanganyika

Multi ni miongoni mwa samaki wadogo kabisa duniani wa ukoo wa siklidi. Dume hafiki sentimita 5, jike huishia karibu 3. Jina lake la kitaalamu ni Neolamprologus multifasciatus, na kwao ni kusini mwa Ziwa Tanganyika, ambako sakafu ya ziwa imetapakaa makombe matupu ya konokono aitwaye Neothauma. Maji ya ziwa hilo ni magumu (yana madini mengi) na pH yake, yaani kipimo cha uasidi, iko juu, kwa hiyo kombe haliyeyuki baada ya konokono kufa. Ndani ya kombe hilo multi hulala, hujificha na kutaga mayai. Ni wa ukoo mmoja na sato na perege, ila huyu tangi la lita 54 linamtosha yeye na watoto wake. Ukimpatia makombe ya kutosha, mchanga wa kuchimba na maji yasiyoyumba, atazaa bila msaada wako.

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 ndilo la kuanzia. Eneo la chini ni muhimu kuliko kimo, kwa sababu multi huishi mchangani na hapandi juu sana. Likijaa maji na mchanga lina uzito wa zaidi ya kilo 60 bila kuhesabu kioo, basi meza iwe imara na isiyopinda. Ukitaka mawe, yaweke kwanza juu ya kioo cha chini, ndipo umwage mchanga kuyazunguka. Samaki hawa huchimba mchana kutwa, na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaanguka siku moja.

Mchanga uwe laini, wa kina cha sentimita 5. Mchanga wa mto unafaa: uchekeche, uoshe kwenye ndoo mpaka maji yatoke meupe, kisha uupime. Utahitaji lita 9 hivi. Usitumie kokoto, kwani samaki huyu hubeba punje moja moja mdomoni ili kufukia na kufukua nyumba yake. Akishindwa kuchimba hatulii, na asipotulia hatagi.

Sasa makombe, na hapa ndipo wengi hukosea. Neothauma halisi si rahisi kupata, lakini makombe ya konokono wachanga wa nchi kavu, yenye urefu wa sentimita 4 hadi 5 na mlango wa sentimita 1.5 hadi 2, yanafanya kazi ileile. Chukua yaliyo matupu, yachemshe dakika 20, yasugue, kisha tikisa kila moja uhakikishe hakuna mabaki ya nyama. Kombe moja lenye nyama iliyooza linaweza kuharibu maji ya tangi zima. Kauri hazifai, mlango wake ni ufa tu. Makombe ya baharini yenye mzunguko mwembamba sana pia yaache: samaki anaweza kukwama ndani. Hesabu makombe matatu kwa kila samaki. Yakiwa pungufu, wanyonge hufukuzwa mpaka pembeni juu ya maji, na huko hufa. Yalaze mchangani mlango ukitazama juu kidogo; wenyewe watayapanga upya usiku wa kwanza.

Chujio bora ni la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Chujio la nje lenye mdomo wazi hunyonya vifaranga. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, bakteria wanaosafisha maji walio kwenye sponji hukosa hewa na kuanza kufa, basi pampu ndogo ya betri ni kifaa cha lazima, si anasa. Joto liwe nyuzi 24 hadi 27. Nairobi, Arusha au Mbeya utahitaji hita ya wati 50. Dar es Salaam na Mombasa shida ni kinyume: miezi ya joto maji hupita nyuzi 29, na feni ndogo ikipuliza juu ya maji huyashusha kidogo. Maji yanayopotea kwa mvuke yajazie kwa maji matupu yasiyotiwa chumvi zinazotajwa hapa chini, maana chumvi haiondoki na mvuke.

Kuhusu maji yenyewe, lengo ni pH ya 8 hadi 9. Kama maji yako ni laini, kwa kila lita 20 changanya gramu 5 za baking soda na gramu 10 za chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti), yaani kijiko kimoja cha chai na viwili. Changanya kwenye ndoo, usimwage unga ndani ya tangi lenye samaki. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi saa 24 yakipigwa hewa. Kama kampuni ya maji inatumia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), hiyo haiondoki kwa kuachwa wazi. Nunua dawa ya kuiondoa.

Kabla ya samaki, tangi lilee bakteria kwa wiki 4 hadi 6. Tia chembe chache za chakula kila siku na upime. Samaki wanaingia pale tu amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na kinyesi na chakula kinachooza, zote zikisoma sifuri. Ukikamulia humo sponji ya tangi lingine lenye afya, muda hupungua. Hatua hii ina uzito kwa siklidi wa Tanganyika kuliko kwa samaki wengine, na sababu ni pH. Kwenye pH 7 chini ya asilimia 1 ya amonia iko katika hali ya sumu. Kwenye pH 8.5 na nyuzi 26 sehemu hiyo ni kama asilimia 16. Kosa ambalo samaki wa maji laini angelivumilia humuua multi kwa usiku mmoja.

Nunua wachanga 6 hadi 8 kwa mpigo. Dume na jike ni vigumu kuwatofautisha wakiwa wadogo, hivyo wingi ndio dhamana yako. Usiwachanganye na Neolamprologus similis, wanafanana na wanaweza kuzaana. Mara mbili kwa siku wape chakula kidogo kilichosagwa, na mara kwa mara dafnia (vidudu vidogo vya majini). Unga wa dagaa uepuke, unachafua maji haraka.

Jike akiwa tayari hukaa mlangoni mwa kombe lake akitetemeka mbele ya dume. Hutaga ndani, dume humwaga mbegu mlangoni. Mayai ni machache, mara nyingi hayazidi 20. Huanguliwa baada ya siku 3 hivi, na kati ya siku ya 7 na ya 10 utaona vichwa vidogo mlangoni. Usiwatenge. Wazazi huwavumilia, na watoto wa mzao wa kwanza huendelea kuishi karibu na wa pili. Walishe Artemia (vidudu vidogo vya maji ya chumvi) waliototolewa hivi: lita 1 ya maji, gramu 25 za chumvi, nusu kijiko cha chai cha mayai ya Artemia, hewa kali, nyuzi 27, saa 24 hadi 36. Wachuje na uwasuuze kabla ya kuwatia.

Kila wiki badilisha asilimia 20 ya maji, lita 10 hivi, yenye joto na chumvi sawa na ya tangini. Funga kitambaa chembamba kwenye ncha ya mpira wa kunyonyea maji, vifaranga wasinyonywe. Kama hawazai baada ya miezi minne, kwanza ongeza makombe, kisha pima pH, kisha acha kuwapangia tangi upya. Kila unapohamisha makombe unawavunjia mipaka, nao wanaanza ugomvi upya.

Kumtoa samaki kwa wavu ni kazi bure, atakimbilia ndani ya kombe. Toa kombe pamoja naye, lishike juu ya bakuli la maji ya tangi mlango ukiwa chini, na uliinamishe polepole. Maji yakitoka naye hushuka. Usichokoe kwa kijiti wala kulivunja. Kombe tupu lirudishe palepale lilipokuwa siku hiyohiyo, maana jirani huanza kulifukia kabla ya jioni.