Ukikutana na "get", tazama kinachofuata

Usikimbilie "pata" kila unapoona get kwenye Kiingereza. Likifuata jina la kitu, sawa, ni kupata au kupokea: get a letter. Ikifuata sifa, maana ni kuingia katika hali hiyo: get old, kuzeeka, get angry, kukasirika. Pakifuata mahali ni kufika, na hapa wengi huteleza: ni get to Mombasa, lakini get home na get here, bila to.

Herufi moja tu hubadili habari nzima. I'm getting cold, naanza kuhisi baridi. I'm getting a cold, mafua yananinyemelea.

Muundo unaosahaulika zaidi ni get, kisha kitu, kisha kitenzi katika umbo la tatu (kama made kutoka make). Sisi husema "nimeshona gauni" hata kama aliyeshona ni fundi, na watu wanaelewa. Kiingereza hakikuachii hivyo: I got a dress made, fundi kashona, I made a dress, cherehani uliikalia mwenyewe. Akitajwa mtendaji, to inarudi: get him to call, mfanye apige simu.

Kwenye barua rasmi receive, become na arrive hukaa vizuri zaidi.