Jinsi ya kumkataa jaji kwenye mahakama za majimbo Marekani kabla hujachelewa

Kama una kesi mahakama ya jimbo hapa Marekani, iwe talaka, malezi ya watoto, mwenye nyumba anataka kukutoa au mnadaiana hela, na jaji uliyepangiwa humwamini, sheria inakupa njia ya kumkataa. Shida ni kwamba wengi tunakuja kushtuka jaji ameshatoa maamuzi mawili matatu na tumeshaumia, ndo tunaanza kuulizana kwenye magrupu, na hapo mara nyingi muda umeshapita.

Kwaiyo siku ileile unapopata karatasi yenye jina la jaji, angalia kwanza jimbo lako liko upande gani. Kuna majimbo unamkataa jaji bila kutoa sababu ila mara moja tu, na kuna majimbo lazima uwe na sababu na uithibitishe.

California ni ya bila sababu, kifungu kinaitwa 170.6. Unaandika tamko la kiapo kwamba unaamini jaji ana upendeleo dhidi yako au dhidi ya wakili wako na hutapata haki mbele yake, basi, hakuna anayekuuliza umejuaje. Mahakama nyingi zina fomu yake, muulize karani. Ila ni mara moja tu kwa kila upande, yani mkishtakiwa watatu kwa pamoja kwa kawaida mnahesabiwa upande mmoja, mwenzenu akiitumia bila kuwaambia ndo imeisha hiyo, labda muonyeshe kwamba maslahi yenu yanagongana. Kesi ya madai ambayo jaji mmoja kapewa aende nayo mwanzo mwisho una siku 15 tangu upewe taarifa ya huyo jaji, na kama ulikuwa hujajitokeza mahakamani bado, zinahesabiwa tangu ulipojitokeza. Ya jinai ni siku 10. Halafu upande wa pili wapelekee nakala ndani ya siku 5.

Minnesota ambako ndugu zetu Wakenya ni wengi, ni siku 10 tangu ujulishwe jaji ni nani. Wisconsin kwenye madai ni siku 60, unasema aah muda ninao, kumbe kabla siku hazijaisha jaji akianza kusikiliza jambo lolote mnalobishania, nafasi imekwenda. Illinois kwenye madai haikuhesabii siku, inaangalia kama jaji ameshaamua jambo lolote la msingi kwenye kesi yako, akishaamua huwezi tena kumkataa bila sababu. Ndo maana mi nasema uwe umeshaamua kabla ya kikao cha kwanza, wanaoanguka huwa wanaanguka hapo.

Texas sasa ni habari nyingine. Kwa jaji wa kawaida lazima uwe na sababu, unaandika ombi la kiapo chini ya kanuni ya 18a, na kanuni yenyewe inasema huwezi kutegemea maamuzi aliyotoa kwenye kesi peke yake, kwaiyo "amenikatalia kila ombi" haikupeleki popote. Uwahi pia, siku 10 kabla ya kesi kuanza kusikilizwa dirisha linafungwa, labda sababu yenyewe uijue baadaye. Jaji ana siku 3 za kazi ajitoe au ampelekee jaji msimamizi wa kanda aamue.

Sababu zinazobeba uzito karibu kila jimbo ni kama jaji ni ndugu wa mhusika, aliwahi kuwa wakili kwenye kesi hiyohiyo, anayajua mwenyewe mambo mnayobishania, au ana maslahi ya hela. California hata hisa za zaidi ya dola 1,500 kwenye kampuni mnayoshtakiana nayo zinatosha kumtoa. Andika tukio, tarehe, nani alisema nini, weka na ushahidi. "Ananichukia" tupu wanaitupa.

Na kwa vile majimbo mengi majaji wanapigiwa kura, ni vizuri kucheki nani alichangia kampeni. West Virginia bosi wa kampuni ya makaa ya mawe, Don Blankenship, alitumia kama dola milioni 3 kumsaidia Brent Benjamin aingie mahakama ya juu ya jimbo wakati kampuni yake imeshindwa kesi ya dola milioni 50 na rufaa inaelekea mahakama hiyohiyo, Benjamin akagoma kujitoa na kampuni ikashinda 3 kwa 2. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 kwa 4, ikasema alitakiwa ajitoe. Lakini hiyo ni hela ya kutisha, mchango wa dola mia mbili usitegemee utamtoa mtu.

Usimwandikie jaji barua wala imeili kumlalamikia pembeni, kila kitu pitishia kwa karani na upande wa pili wapate. Jua pia kwamba mwingine humchagui wewe, unaweza kumkimbia mkali ukapewa mkali zaidi, kwaiyo ulizia kwanza majaji wengine wa kaunti wakoje. Na kesi ya uhamiaji haimo humu kabisa, ile ni ya serikali kuu, hizi sheria za majimbo haziigusi.

Ombi lako la kumkataa jaji likikataliwa California, usisubiri kukata rufaa kesi ikiisha, unaomba mahakama ya rufaa iingilie kati ndani ya siku 10 tangu upewe taarifa ya uamuzi, na kama huna wakili kimbilia kituo cha kujisaidia cha mahakama siku hiyohiyo, ni bure.